Ukitaka kuwa mwanasaikolojia wa shule: njia ya kuwafikia watoto walio hatarini

Karibu kila darasa lina mtoto ambaye jina lake linatajwa mara kumi kabla ya mapumziko: kaa chini, nyamaza, simama ukutani. Darasa hilohilo lina mwingine ambaye jina lake husikika mara moja tu kwa siku, mwalimu anapoita mahudhurio. Wa kwanza kila mtu anajua ana shida. Wa pili anaweza kuzama polepole miaka mitatu mizima na asitokee hata mtu mmoja wa kumwuliza kulikoni.

Kama watoto hawa wawili wanakukosesha usingizi na unafikiria kuwasaidia iwe ndiyo taaluma yako, mwongozo huu ni wako. Nitaeleza masomo, mafunzo, leseni na ajira. Lakini kuna jambo moja nitakalolirudia, kwa sababu naona ndilo linalomtenganisha mtaalamu na mtu anayejua tu kutoa mitihani: katika kazi hii macho hutangulia karatasi. Mtazame mtoto pale alipo, akifanya kile anachokifanya, kabla hujafungua mkoba wa vipimo.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yenyewe

Wengi huichanganya na kazi jirani. Mshauri nasaha wa shule huongea na wanafunzi kuhusu masomo, mahusiano na maisha ya baadaye. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu na anaweza kuandika dawa. Ofisa wa ustawi wa jamii hushughulika na familia na ulinzi wa mtoto kisheria. Mwanasaikolojia wa shule husimama pale ambapo kujifunza na afya ya akili vinakutana. Anachunguza kwa nini mtoto hasomi, hatulii, haji shuleni au hasemi, anapanga na mwalimu na mzazi nini kibadilishwe, kisha anafuatilia kuona kama kimesaidia.

Sehemu kubwa ya siku yake haipiti na mtoto. Inapita na watu wazima wanaoishi na mtoto huyo. Anayeipenda kazi hii kwa kuwa anapenda watoto, ila hana subira na walimu wala wazazi, atateseka.

Historia ya taaluma hii ina tukio moja ambalo kila anayeanza angefaa kulijua. Machi 1896, mwalimu mmoja alimpeleka mvulana wa miaka 14 kwa Lightner Witmer katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Kijana hakuwa mjinga, lakini tahajia ilimshinda kabisa. Witmer alipomchunguza aligundua kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa macho. Akapatiwa miwani, na baada ya hapo ndipo ikaanza kazi ya kumfundisha. Mwaka huohuo Witmer akafungua kliniki yake, na mwaka 1915 Arnold Gesell akawa wa kwanza kuajiriwa kwa cheo cha mwanasaikolojia wa shule, katika jimbo la Connecticut. Mimi humkumbuka yule kijana kila ninaposikia mtoto ameitwa mzito wa kuelewa kabla hajapimwa macho wala masikio.

Na "aliye hatarini" ni nani? Ni mtoto ambaye mambo yanayomzunguka yanaongeza uwezekano wa kushindwa shule au kuumia: umaskini mkali, ukatili nyumbani, msiba, ulemavu usiotambuliwa, kuhamahama, mzazi mgonjwa, lugha ya darasani asiyoijua. Neno lenyewe ni "hatari", si "hukumu". Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliozaliwa katika mazingira yenye hatari nyingi, karibu thuluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo na wenye kujali. Jambo lililojitokeza tena na tena katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewakubali na kuwa nao karibu, awe bibi, jirani au mwalimu. Sehemu ya kazi yako itakuwa kumtafuta mtu huyo, na asipokuwepo, kumtengeneza.

Hatua ya pili: kaa na watoto kabla hujajaza fomu ya chuo

Usingoje shahada. Tafuta pa kujitolea: kusaidia wanaochelewa kusoma, kambi za likizo, makao ya watoto, darasa la mahitaji maalumu. Miezi sita inatosha kukuonyesha kama kazi hii unaiweza au unaipenda kwa mbali tu.

Ukiwa huko, nunua daftari dogo na ugawe ukurasa katikati. Kushoto andika ulichokiona au kukisikia. Kulia andika ulichokidhani. "Ni mkorofi" iende kulia. "Alipiga meza kwa penseli mara nne, kila mwalimu alipogeukia ubao" iende kushoto. Wiki za mwanzo utashangaa jinsi upande wa kulia unavyojaa na wa kushoto unavyobaki mtupu. Zoezi hili halihitaji cheti, na sijui lingine linalomwandaa mtu vizuri zaidi. Usiandike majina ya watoto humo, na daftari lisizagae.

Hatua ya tatu: shahada ya kwanza

Saikolojia, ualimu au elimu maalumu, yoyote kati ya hizo inakufaa. Ukisoma ualimu, chukua kozi za saikolojia ya ukuaji na vipimo. Ukisoma saikolojia, hakikisha umefahamu jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, kwa sababu idadi kubwa ya watoto watakaoletwa kwako wataletwa na tatizo la kusoma, hata kama barua ya mwalimu inasema nidhamu.

Takwimu usizikimbie. Tuseme kipimo cha uwezo wa akili kina wastani wa 100, na mtoto amepata 71. Kwa kuwa hakuna kipimo kisicho na kosa, alama yake halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 65 na 77. Sasa fikiria mfumo unaosema aliye chini ya 70 anapata msaada na aliye juu yake hapati. Mtu asiyeelewa takwimu ataandika 71 na kufunga faili. Anayezielewa atasema kwa sauti kwamba mstari huo hauwezi kumkata mtoto huyu, na ataeleza kwa nini. Somo lile la saa mbili lililokuchosha chuoni linaweza kuamua miaka sita ya maisha ya mtu.

Hatua ya nne: shahada ya juu, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Hapa njia zinatofautiana nchi kwa nchi. Marekani, ngazi ya kawaida ya kuingilia kazini ni shahada ya ubingwa inayozidi uzamili wa kawaida: angalau yuniti 60 za masomo ya juu na mafunzo kazini ya saa 1,200, ambapo angalau saa 600 ziwe ndani ya shule. Vigezo hivyo ni vya chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule cha huko, NASP, kilichoanzishwa mwaka 1969. England, njia ya kawaida ni uzamivu wa miaka 3, kisha usajili katika baraza linaloitwa HCPC. Bila usajili huo sheria haikuruhusu kujiita mwanasaikolojia wa elimu. Kuna pia chama cha kimataifa, ISPA, kinachounganisha wataalamu wa nchi mbalimbali.

Nchi nyingi hazina programu yenye jina hili. Hilo lisikuvunje moyo, ila likufanye makini. Wengi hupitia uzamili wa saikolojia tiba, saikolojia ya elimu au unasihi, kisha wanafanya mafunzo yao shuleni chini ya msimamizi mwenye leseni.

Kabla ya kulipa, mwandikie mratibu wa programu na umwulize haya. Je, chombo kinachosajili wanasaikolojia katika nchi ninayotaka kufanya kazi kinaitambua shahada hii? Saa ngapi ziko shuleni, na nani hututafutia hizo shule? Msimamizi anakaa na mwanafunzi mara ngapi kwa wiki? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Chuo kinachojikanyaga kwenye swali la kwanza na la tatu, achana nacho, hata kama ada yake ni nafuu. Kozi fupi za mtandaoni ni nzuri kwa kuongeza maarifa, lakini mtoto hawezi kukabidhiwa kwa mtu ambaye hajawahi kusimamiwa.

Hatua ya tano: mafunzo kwa vitendo

Hapa ndipo kazi inapojifunzwa kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mfano wa mvulana wa darasa la nne. Barua iliyomleta inasema: mkorofi, anatolewa nje kila siku, apimwe akili. Usimpime. Omba ruhusa, ingia darasani, keti nyuma, na uandike saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata.

*Saa 3:05. Mwalimu: "Fungueni ukurasa wa 41, tutasoma kwa sauti kwa zamu, tuanzie mbele." Mtoto anageuka, anahesabu vichwa kwa kidole.*

*Saa 3:09. Wamebaki wawili kabla yake. Anamnyang'anya jirani rula. Jirani anapiga kelele. Mwalimu: "Wewe, toka nje!" Anatoka bila kubisha. Mlangoni mabega yanashuka.*

*Saa 3:10. Anasoma anayefuata.*

Rudia siku ya pili na ya tatu, na katika masomo tofauti. Kwenye michezo hana neno. Kwenye hesabu za ubaoni anatulia, hadi yafike mafumbo ya maneno. Sasa unaweza kuanza kudhani: kile ambacho shule inakiita adhabu, kwake ni mlango wa kutokea. Kila akitolewa nje anaepushwa na kusoma mbele ya wenzake, na ndiyo maana kesho atafanya tena. Tabia nyingi darasani zina kazi kama hiyo. Humpatia mtoto watu wa kumwangalia, humpatia kitu anachokitaka, humwondoa kwenye jambo linalomuumiza, au hutuliza mwili wake. Kazi yako ni kujua ni ipi kati ya hizo.

Kisha nenda kwa mwalimu, na hapa wanafunzi wengi huharibu. Usimwambie amekosea. Mwalimu yule ana watoto wengi na dakika chache, na alichokifanya ndicho ambacho wengi wetu tungefanya. Mwulize: "Mwalimu, umewahi kuona kwamba anapotolewa habishi hata kidogo?" Mpe nafasi afikirie. Mara nyingi atasema mwenyewe: "Kumbe anakimbia kusoma."

Baada ya hapo unamsikiliza mtoto akisoma mkiwa wawili tu, unauliza kuhusu macho na masikio, unaongea na mzazi. Ukikuta hatambui sauti za herufi, mpango unaandikika kwenye nusu ukurasa: afundishwe kusoma dakika 20 kwa siku, siku nne kwa wiki, kuanzia pale alipokwama; zamu yake ya kusoma kwa sauti iwe aya aliyopewa jana akaifanyia mazoezi; na awe na kadi ya kuomba kupumzika kidogo badala ya kupigana ili atoke. Andika alitolewa nje mara ngapi katika vipindi kumi kabla ya mpango kuanza. Bila namba ya mwanzo hutajua kama umesaidia.

Hatua ya sita: vipimo, na mipaka yake

Utajifunza vipimo vya akili, vya kusoma na hesabu, na madodoso ya hisia na tabia. Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao Paris mwaka 1905, nia ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji kufundishwa kwa namna nyingine. Baadaye vipimo vya aina hiyo vilitumika kuwafungia watu mlango. Mwaka 1979, katika kesi ya Larry P. huko California, mahakama iliamua kwamba vipimo vya akili vilikuwa vikiwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya walioitwa wenye udumavu wa akili isivyo haki, na ikazuia visitumike hivyo.

Kwa hiyo, kila unaposhika kipimo, uliza kilisanifiwa kwa watoto gani. Kama watoto hao hawafanani na aliye mbele yako kwa lugha, kwa maisha na kwa shule walizosoma, alama zake zisome kwa tahadhari na uandike hivyo kwenye ripoti. Kutafsiri maswali hakutoshi. Neno rahisi katika lugha moja linaweza kuwa gumu katika nyingine, na hapo umepima msamiati ukadhani umepima akili.

Ripoti yenyewe iandike mzazi aielewe. Mimi huanza na kile ambacho mtoto anakiweza, si kwa kumbembeleza mtu, bali kwa sababu mpango wowote hujengwa juu ya hicho.

Hatua ya saba: maadili, usiri na siku ambayo mtoto atakuambia

Itafika siku mtoto atakuambia kitu kizito, pengine ukiwa bado mwanafunzi. Jiandae sasa. Mwanzoni mwa mazungumzo yoyote, kabla hajasema lolote, mweleze kwa maneno yake: "Tunayoongea hapa yanabaki hapa, isipokuwa nikijua kuna mtu anakuumiza, au wewe unataka kujiumiza au kumuumiza mwingine. Hapo itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia." Usimwahidi kwamba hutasema kamwe. Ukiahidi kisha ukasema, utakuwa mtu mzima mwingine aliyemwangusha.

Akianza kueleza kwamba anadhulumiwa, sikiliza. Usiulize maswali yanayomtia maneno mdomoni, kama "Alikupiga, sivyo?" Sema: "Niambie ilikuwaje." Usimhoji kama polisi, uchunguzi una watu wake. Mwambie: "Umefanya vizuri kusema, na kosa si lako." Mara akitoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyohiyo mpe taarifa msimamizi wako na chombo cha ulinzi wa mtoto kama sheria ya mahali ulipo inavyotaka. Kama mtuhumiwa ni mtu wa nyumbani au wa shuleni, usimpigie simu kwanza kusikia upande wake.

Ukihofia kwamba mtoto anafikiria kujiua, mwulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Utafiti umelirudia hili mara nyingi, na watoto wengi huona ahueni kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akikubali, usimwache peke yake hata dakika moja mpaka akabidhiwe kwa mtu mzima anayejua la kufanya.

Ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe ni vitu viwili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mzazi anapotia saini, mtoto naye aelezwe kwa nini anaitwa.

Hatua ya nane: leseni na ajira

Fuata utaratibu wa usajili wa nchi yako mapema, hata kabla ya kuhitimu. Barua za saa za mafunzo zikusanye zikiwa bado mbichi, maana wasimamizi huhama. Kazi zipo katika shule zenyewe, ofisi za elimu, hospitali za watoto, mashirika ya watoto wakimbizi, na vyuo vya ualimu. Katika usaili usiulize mshahara tu, uliza watoto wangapi. NASP inapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, na hata Marekani kwenyewe wastani umekuwa ukizidi 1,000.

Kwa idadi hiyo huwezi kumwona kila mtoto, na ukijaribu utawahudumia wale wenye kelele pekee. Ndiyo maana kazi hupangwa kwa ngazi tatu: mambo yanayowafikia wote, kama kanuni zilizo wazi na mpango wa kuzuia uonevu, vikundi vidogo kwa wachache wanaoanza kuyumba, na msaada wa mtoto mmoja mmoja kwa wachache zaidi. Ngazi ya kwanza ikifanywa vizuri, faili zinazofika mezani pako hupungua. Na kila muhula pitia orodha ya mahudhurio na alama zilizoshuka ghafla, umtafute yule mtoto wa kimya ambaye hakuna aliyemwandikia barua.

Hatua ya tisa: mwaka wa kwanza

Tafuta msimamizi hata kama sheria haikulazimishi tena. Habari unazozisikia zitakaa mwilini mwako, na mtu anayezibeba peke yake huanza ama kuwa mgumu ama kuumwa. Panga saa moja kwa wiki ya kuongea na mwenzako wa taaluma, na uilinde kama unavyolinda miadi ya mtoto.

Anza na shule chache, uzijue vizuri. Wasalimie wapishi, walinzi na wasafishaji. Hao ndio wanaojua ni nani hufika mapema kupita kiasi na nani hataki kwenda nyumbani kengele ikilia.

Na kila mpango unaouandika, uwekee tarehe ya kurudi. Kwa yule mvulana wa darasa la nne, iwe wiki ya sita. Ingia tena kipindi cha kusoma, keti nyuma palepale, fungua daftari. Mwalimu akisema zamu zianzie mbele, mtazame kama anageuka kuhesabu vichwa. Wakibaki wawili kabla yake, andika saa, kisha andika anachofanya.